Maneno Saba na Vifo Vinne: Sura ya Yesu Msalabani katika Injili, Uchoraji na Muziki

Kila Ijumaa Kuu, katika makanisa mengi ya Afrika Mashariki, huhubiriwa Maneno Saba. Wahubiri hupokezana mimbari, na kila mmoja hupewa neno lake katika yale ambayo Yesu anasimuliwa kuyatamka msalabani. Ibada hiyo si ya kale kama inavyodhaniwa. Asili yake ni Wajesuiti wa Lima, Peru, katika karne ya 17. Ikavuka bahari hadi Ulaya, na katika miaka ya 1780 Joseph Haydn akaitungia muziki kwa ajili ya mji wa Cádiz, Hispania. Waumini hutoka kanisani wakiamini kwamba wamesikia kisa kimoja. Hata hivyo hakuna mwinjili hata mmoja aliyeandika maneno saba. Marko anatoa neno moja tu, na Mathayo analirudia lile lile. Luka anatoa matatu ambayo kwa Marko hayamo, na Yohana anatoa matatu mengine yasiyopatikana kwa wenzake wote. Saba ni jumla iliyofanywa na wasomaji, na yafaa iulizwe jumla hiyo imegharimu nini.

Katika Marko, Yesu hufa pasipo faraja. Wanafunzi wamekwisha kukimbia, waliosulubiwa pamoja naye wote wawili wanamshutumu, giza linatanda. Neno lake la pekee ni swali kwa Mungu, swali la mtu aliyeachwa, lililotolewa katika mwanzo wa Zaburi ya 22, na mwandishi analiacha kwanza katika Kiaramu, lugha ya nyumbani, kabla ya kulifasiri kwa Kiyunani. Swali hilo halijibiwi. Unafuata ukelele usio na maneno, kisha kifo. Luka asimulia kifo kingine kabisa. Yesu wake anawaombea msamaha wauaji, anamwahidi mmoja wa wahalifu Peponi, na anajikabidhi mikononi mwa Baba kwa maneno ya Zaburi ya 31. Wataalamu walio wengi wanakubali kwamba Marko aliandika kwanza, yapata mwaka 70, na kwamba Luka alikuwa na kitabu hicho mbele yake alipoandika. Ikiwa ndivyo, basi kilio cha kuachwa hakikumponyoka Luka kwa bahati mbaya. Alikiona, akakiondoa, na mahali pa zaburi ya aliyeachwa akaweka zaburi ya anayetumaini. Ama Yohana, kwake Yesu ndiye anayeongoza mambo hata akiwa msalabani: anampangia mama yake mlezi, anasema ana kiu ili Maandiko yatimie, kisha anatangaza kwamba kazi imefika mwisho.

Vikiungwa vyote pamoja, swali la Marko hupata jibu dakika chache baadaye kutoka kwa Luka. Katika utaratibu wa Ijumaa Kuu kilio cha kuachwa ni neno la nne, na anayelihubiri anajua kwamba wa saba yuko njiani na faraja yake. Hawezi kulikazia mno. Mwenye kufiwa aliyeketi kwenye benchi, ambaye pengine alihitaji kusikia kwamba hata Yesu aliuliza asijibiwe, haruhusiwi kukaa na swali hilo.

Wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili wangetarajiwa kulitambua kosa hili upesi kuliko wengine. Kisa cha Fumo Liyongo kipo katika nathari aliyoichapisha Edward Steere mwaka 1870, na kipo katika utenzi wa Muhamadi Kijumwa wa mwaka 1913. Mhakiki makini hachukui beti za utenzi akazipachika katika nathari ili apate Liyongo mmoja kamili. Huuliza kila msimulizi alikaza nini, alinyamazia nini, na kwa nini. Steere huyo huyo, askofu wa Kianglikana wa Unguja, ndiye aliyefasiri Agano Jipya kwa Kiunguja; lakini adabu anayotendewa Liyongo aghalabu hanyimwi mwingine ila Yesu, kana kwamba utakatifu wa kitabu unamwondolea msomaji wajibu wa kusoma.

Wala haiwezi kusemwa kwamba kutenganisha Injili ni uzushi wa wasomi wa kisasa. Yapata mwaka 170 Tatiano alizisuka Injili nne kuwa simulizi moja, na makanisa ya Kisiria yakaitumia kwa vizazi kadhaa. Katika karne ya 5 Theodoreto, askofu wa Kiro, aliziondoa nakala zaidi ya 200 katika jimbo lake na kuweka mahali pake Injili zilizotengana. Kanisa lenyewe, basi, lilipopewa nafasi ya kuwa na kisa kimoja laini, lilichagua vinne vinavyokwaruzana.

Ni kweli kwamba wasomi nao walipotea njia yao. Katika miaka ya 1770 J. J. Griesbach alipanga Injili za Mathayo, Marko na Luka katika safu sambamba, tofauti zao zikawa wazi kwa kila mwenye macho. Karne iliyofuata ikazitumia tofauti hizo kama kifusi cha kuchimbua Yesu halisi aliyefunikwa chini yake. Mwaka 1906 Albert Schweitzer alionyesha kwamba kila mchimbaji alitoka na Yesu aliyefanana naye mwenyewe, na mwaka 1909 George Tyrrell akawafananisha na mtu anayechungulia kisima kirefu akauona uso wake majini. (Kioo hicho Schweitzer hakukitazama sana yeye mwenyewe alipokwenda Lambarene mwaka 1913 na kuandika juu ya Waafrika.) Ilingojewa hadi miaka ya 1950, kwa vitabu vya Hans Conzelmann juu ya Luka na Willi Marxsen juu ya Marko, ndipo wainjili walipoanza kusomwa kama waandishi wenye nia, fani na maudhui yao.

Wasanii walikuwa wamelijua jambo hilo zamani, ingawa si kwa njia nyepesi. Kati ya 1512 na 1516 Matthias Grünewald alichora picha za madhabahu kwa ajili ya watawa wa Mtakatifu Antoni huko Isenheim, Alsace. Leo zimo katika makumbusho ya Colmar. Watawa hao waliwauguza wenye ugonjwa ulioitwa moto wa Mtakatifu Antoni, uliotokana na ukungu wa nafaka ya mkate, ambao ulichoma ngozi na kuozesha viungo. Yesu wa Grünewald ana mwili uliojaa vidonda, rangi ya mwili unaooza, vidole vimekakamaa. Huyu ni Yesu wa Marko, na mgonjwa aliyeletwa mbele yake aliona ngozi yake mwenyewe. Lakini upande wa kulia amesimama Yohana Mbatizaji, ambaye katika kisa alikwisha kukatwa kichwa zamani, ananyoosha kidole kirefu kuuelekeza mwili ule, na miguuni pake yuko mwanakondoo. Hayo yametoka katika Injili ya nne. Grünewald naye amechanganya. Tofauti ni kwamba mchanganyiko wake hautulizi kitu: kidole kinasema huyu ndiye, na mwili unamtia mtazamaji shaka kama kweli ndiye. Aliyezoea Maneno Saba huchanganya ili mgongano uondoke, naye Grünewald alichanganya ili uonekane.

J. S. Bach anafundisha zaidi, maana alitunga mara mbili. Katika Mateso kwa mujibu wa Yohana, yaliyoimbwa Leipzig mwaka 1724, neno la mwisho la Yesu linafuatwa na wimbo wa huzuni ya chini kabisa ambao katikati yake hulipuka ghafula kuwa shangwe ya shujaa mshindi, kisha ukarudi chini. Katika Mateso kwa mujibu wa Mathayo ya mwaka 1727, kila Yesu anapoimba, vinanda vya nyuzi humzunguka kwa sauti ndefu, mithili ya nuru ambayo wachoraji huizungushia vichwa vya watakatifu. Anapofika kwenye kilio cha kuachwa, nyuzi hunyamaza. Mwimbaji huachwa bila nuru yake. Hapana sherehe ya kitaalamu juu ya aya hiyo inayosema zaidi ya ukimya huo. Na hata hivyo Bach hakuweza kujizuia: katika Mateso ya Yohana aliingiza kilio cha Petro na kupasuka kwa pazia la hekalu, mambo ambayo Yohana hakuyaandika. Mtu anaweza kumsamehe. Mapigo ya muziki yalimvuta. Lakini kwa kitambo hicho Yohana si Yohana tena.

Karibu na nyumbani, Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu aliyesomea Makerere, alichora mwishoni mwa miaka ya 1950 picha kubwa tano katika kanisa la Kianglikana la Murang'a, mji ulioitwa Fort Hall wakati huo. Kanisa lilijengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa Mau Mau. Mengi yamesemwa kuhusu ngozi nyeusi ya Yesu huyo na mandhari ya nchi ya Wakikuyu. Machache yamesemwa kuhusu uteuzi wa matukio: Kuzaliwa, Ubatizo, Karamu ya Mwisho, Gethsemane, Kusulubiwa. Kuzaliwa hakumo katika Marko, na uchungu wa Gethsemane haumo katika Yohana. Kwa hiyo Njau hamfuati mwinjili yeyote, bali ameandika Injili yake. Ufufuko hakuupa picha. Mtu anayengoja usiku kukamatwa, huku rafiki zake wamelala, alikuwa habari iliyojulikana sana Murang'a katika miaka ile, na si kwa wafu wa upande mmoja tu.

Limebaki suala la lugha. Neno la mwisho la Yesu katika Yohana ni kitenzi kimoja cha Kiyunani kisichotaja kiima chake. Kiswahili hakina anasa hiyo. Kitenzi hudai kiambishi cha ngeli. Union Version ya mwaka 1952 ilichagua Imekwisha, na tafsiri ya Habari Njema iliyokuja baadaye ikachagua Yametimia. Katika neno la kwanza, kiambishi i- ni cha nini? Kazi? Safari? Siku? Msikilizaji hujaza mwenyewe. Tena kwisha ni kitenzi chenye kivuli: nguvu hukwisha, fedha hukwisha, na mgonjwa akisemwa amekwisha, jamaa huanza kulia. Kutimia hakuna kivuli hicho, na kwa nia ya Yohana ndiyo tafsiri iliyo sahihi, kwani Yesu wake anamaliza alichokusudia. Waliochagua Imekwisha, kwa kujua au kwa kutojua, waliiachia sauti ya Marko ipenye katika kinywa cha Yesu wa Yohana. Kwa usahihi ni kasoro, japo masikio yaliyokulia katika tafsiri hiyo hayatakubali kuibadilisha.

Hapo ndipo penye haja ya tahadhari pia kwa wahakiki wa riwaya. Kihika wa Ngugi wa Thiong'o katika A Grain of Wheat (1967), mpiganaji anayesoma Biblia na kufa kwa kunyongwa, huitwa na wengi mfano wa Yesu, basi, bila kuulizwa ni Yesu wa nani. Kihika mwenyewe anabisha kwamba Yesu alishindwa, kwa kuwa kifo chake hakikubadili hali ya watu wake. Hoja hiyo haina pa kushika mbele ya Yesu wa Yohana, aliyekwisha kutangaza ushindi, wala mbele ya yule wa Luka, aliyekufa kwa utulivu. Ina pa kushika mbele ya mmoja tu, yule aliyeuliza asijibiwe.