Ngumi ya Bingwa na Mwenye Kamera

Watoto wa Masanze wana kanuni yao juu ya sinema, nayo ni fupi: stelingi hafi. Ukiwakuta wakitoka kutazama picha ya ngumi, iwe kwenye banda la video kama ilivyokuwa miaka ya 1990 na 2000, au wamejazana juu ya simu moja kama ilivyo siku hizi, utawasikia wakibishana kwa kanuni hiyo. Stelingi aweza kupigwa, kufungwa kamba, hata kutupwa mtoni, lakini hafi. Aliyekufa hakuwa stelingi, hata kama alipigana vizuri namna gani. Watu wazima huwacheka. Sisi tunaona kuwa kanuni hiyo inastahili kuchambuliwa, kwa kuwa ndani yake mna nadharia nzima ya nani ana thamani na nani ni wa kutumiwa kisha akaachwa, na watoto hao wameifikia bila ya kusoma kitabu chochote.

Wako wenzetu ambao kwa miaka mingi wamekuwa na jibu moja tu kuhusu picha za karate na kung fu: ni kasumba, zinapotosha vijana, zipigwe marufuku. Jibu hilo ni la uvivu. Halielezi kwa nini katika miaka ya 1970, wakati Kampuni ya Filamu Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1968, ilipokuwa ikitengeneza picha za mafunzo kama "Fimbo ya Mnyonge", wafanyakazi wa mijini walikuwa wakitoa fedha zao wenyewe kwenda kumtazama Bruce Lee. Je, wote hao walikuwa wamepumbazwa? Mchambuzi asemaye kwamba umma umepumbazwa, na asieleze umma huo uliona nini, anautukana umma tu.

Tazama "The Big Boss" ya mwaka 1971. Kijana anatoka kwao kwenda Thailand kutafuta kibarua, anaingia kiwanda cha barafu pamoja na ndugu zake. Wafanyakazi wawili wanagundua kuwa ndani ya barafu mmefichwa dawa za kulevya; wanatoweka. Wenzao wanapodai kujua walikokwenda, tajiri hawapigi wote. Anamchukua yule mwenye ngumi kali kuliko wote, anampandisha cheo kuwa msimamizi, anamlisha na kumnywesha, na siku ya pili ndugu zake hawamtaki tena. Mtu aliyekulia karibu na kambi za mkonge za Wilaya ya Kilosa hahitaji kufasiriwa sehemu hiyo. Nyapara anamjua. Anajua vilevile jinsi alivyopatikana: hakuletwa kutoka mbali, alichaguliwa miongoni mwa manamba wenyewe, na mara nyingi alikuwa yule ambaye wenzake walimtegemea awasemee. Hilo ndilo waliloliona watazamaji wengi, na kwa maoni yetu waliona sawasawa.

Hata hivyo Bruce Lee siye hasa tunayetaka kumjadili. Yeye alikuwa mtoto wa sinema tangu utotoni huko Hong Kong. Suala letu ni la mtu wa aina nyingine: yule aliyeshinda kwanza ulingoni, akawa bingwa mbele ya waamuzi, kisha ndipo kamera ikamchukua. Mtu huyo anaingia kwenye sinema akiwa na mali moja tu, nayo ni mwili wake na ufundi uliomgharimu miaka mingi ya jasho. Kamera si yake, filamu si yake, na majumba ya kuonyeshea si yake. Kwa maneno mengine, pamoja na mikanda yake yote, yuko katika hali ya mtu yeyote mwenye nguvu-kazi ya kuuza.

Mfano wa kwanza ni Chuck Norris, na huyu hatutakaa naye sana kwa sababu mambo yake yako wazi. Sanaa ya kupigana alijifunza Korea Kusini akiwa askari wa Jeshi la Anga la Marekani. Mwaka 1968 akawa bingwa wa dunia wa uzito wa kati katika karate ya kulipwa. Mwaka 1972, katika "The Way of the Dragon", alikuwa mpiganaji wa kukodishwa anayeuawa na Bruce Lee ndani ya Colosseum ya Roma. Basi, kwa kanuni ya Masanze, hapo hakuwa stelingi. Miaka kumi na miwili baadaye akawa. Katika "Missing in Action" ya mwaka 1984 anarudi Vietnam kuwakomboa wafungwa wa Kimarekani, anawafyeka Wavietnamu kwa makumi, wala hafi. Vita ambavyo Marekani ilivipoteza mwaka 1975 vikarudiwa kwenye kitambaa cheupe, na safari hii mtu mmoja akavishinda. Ufundi alioupata Asia kwa njia ya kambi ya jeshi ukarudishwa Asia kwa njia ya sinema, ukiwa silaha ileile. Ubingwa wake ulikuwa wa kweli, hatubishi. Lakini ubingwa haukuamua ngumi ile impige nani.

Mfano wa pili ni mgumu zaidi, na sisi Waafrika unatuhusu kwa karibu. Jim Kelly alizaliwa Kentucky mwaka 1946, Mmarekani Mweusi. Alicheza mpira wa Kimarekani chuoni Louisville akaacha, kwa kukataa ubaguzi wa mwalimu wa timu, akashika karate. Mwaka 1971 alichukua ubingwa wa uzito wa kati kwenye mashindano ya kimataifa ya Long Beach, California. Miaka miwili baadaye dunia nzima ilimwona katika "Enter the Dragon", kwa jina la Williams.

Wengi wa rika letu wanaikumbuka picha hiyo kwa Bruce Lee na chumba cha vioo. Tunawaomba wamtazame Kelly tena. Mara ya kwanza tunapoelezwa maisha yake, polisi wawili Wazungu wanamsimamisha usiku mjini Los Angeles bila kosa lolote. Anawapiga na kuondoka na gari lao. Anapofika Hong Kong anawatazama maskini wanaoishi ndani ya mashua, na anatambua kuwa umaskini ule anaujua kutoka kwao. Hakuna mtu mwingine katika filamu hiyo anayesema jambo la kisiasa lililo wazi kama hilo. Kisha nini? Anauawa. Bwana wa kisiwa, mwenye mkono wa chuma, anampiga mpaka anakufa, halafu mwili wake unaning'inizwa ili Mzungu mwenzake, Roper, auone na kuogopa. Roper ni mcheza kamari anayekimbia madeni. Roper anaishi hadi mwisho.

Hapo kanuni ya watoto inatoa jibu ambalo maprofesa wengi wa sinema wamelizunguka. Williams alipigana vizuri, alisema kweli, alivaa vizuri (tukiri na hilo), lakini alikufa. Basi hakuwa stelingi. Na kifo chake hakikuwa hata chake mwenyewe, kilifanywa kuwa somo la mtu mwingine. Kampuni iliona faida katika mwili wa bingwa Mweusi, kwa kuwa vijana Weusi wa miji ya Marekani walikuwa wakinunua tiketi kwa wingi wakati huo. Haikuona haja ya mwili huo kufika mwisho wa hadithi. Ni kweli kwamba baadaye alipewa picha zake, "Black Belt Jones" ya mwaka 1974 ikiwa ndiyo mashuhuri zaidi, na humo hafi. Lakini wimbi hilo la picha za Weusi lilikuwa soko, na soko lilipogeuka, kabla ya mwisho wa miaka ya 1970, bingwa aliachwa. Alikwenda kucheza tenisi. Alifariki mwaka 2013.

Sasa, yuko msomaji atakayeuliza: basi dawa ni sisi wenyewe tuwe na kamera? Jibu halihitaji kubahatishwa, kwa sababu jaribio limekwisha kufanyika karibu nasi, nchini Uganda.

Katika mtaa wa Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana alianzisha mwaka 2005 kampuni aliyoiita Ramon, jina lililounganishwa kutokana na majina ya bibi zake wawili, Rachael na Monica. Alikuwa mfyatua matofali. Utotoni hakwenda sinema; kaka yake ndiye aliyekwenda, akarudi kumsimulia. Hilo tulitilie mkazo: picha za kina Chuck Norris zilimfikia kwanza kama hadithi iliyosimuliwa na ndugu, kabla hazijawa picha. Kompyuta aliunda mwenyewe kwa vipuri. Bunduki zilichomelewa kwa vyuma chakavu na fundi wa palepale, Dauda Bisaso. Damu ilitiwa ndani ya kondomu ili ipasuke vizuri. Na mabingwa? Hapo ndipo anapoingia Charles Bukenya, ambaye ni mwalimu wa kung fu zaidi ya kuwa mtu wa mikanda na mashindano, na kwenye filamu anaitwa Bruce U. Jina ni la kukopa, na tutarudi kwake.

Filamu iliyowatangaza ni "Who Killed Captain Alex?" ya mwaka 2010, iliyogharimu, kwa maelezo yao, chini ya dola 200 za Marekani. Kapteni Alex ni shujaa wa jeshi anayetumwa kulivunja genge la majambazi. Kila dalili inaonyesha kuwa ndiye stelingi. Anauawa mapema, tena hatuoni nani amemuua. Ndugu yake, Bruce U, mtawa wa Shaolin wa Kiganda, anakuja kulipiza kisasi. Anapiga watu kweli. Mateke yake ni ya mtu aliyeyafanyia kazi, wala si ya kuungwa kwa hila za kamera. Lakini tazama mwisho: kisasi hakipatikani, kiongozi wa genge anakamatwa na jeshi, na swali lililo kwenye jina la filamu halijibiwi kamwe.

Wachambuzi wa nje wamelichukua hilo kama kichekesho. Sisi tunaona ni kosa lenye manufaa kuliko usahihi mwingi. Kanuni ya stelingi imevunjwa mara mbili: aliyedhaniwa hafi amekufa, na aliyebaki na ngumi kali hakutatua kitu peke yake. Mtoto wa Masanze akiitazama hiyo hawezi kwenda nyumbani na jibu. Anakwenda na ubishi.

Juu ya picha hiyo kuna sauti ya msimuliaji, VJ Emmie, anayesifu, anayedhihaki, anayewaita wapiganaji kwa majina yao. Watazamaji wa kwetu wanamjua ndugu yake wa kazi: Lufufu aliyezisimulia picha za kigeni kwa Kiswahili hapa Tanzania, na DJ Afro wa Kenya. Msimuliaji ni mtu asiye na kamera anayejitwalia sauti. Nakala halisi ya "Captain Alex" ilifutwa kwa kuwa hapakuwa na nafasi ya kuihifadhi. Iliyobaki ni ile yenye sauti ya Emmie. Kwa hiyo ngumi ya Bukenya imeifikia dunia ikiwa imefungwa ndani ya maneno ya jirani yake.

Tufike kwenye uchumi. Waigizaji wa Wakaliga hawakulipwa mshahara. Filamu ilipokamilika walichukua DVD, wakazipeleka mlango kwa mlango, na nusu ya bei ikabaki kwao. Walikuwa na siku chache tu za kuuza kabla wanakili wa wizi hawajaingia sokoni. Wasomaji wepesi wa kufurahi watasema huu ndio ujamaa. Polepole. Tusiite ujamaa kila kazi ya pamoja ya watu maskini. Bingwa aliyepigana mchana na kuuza DVD jioni ana zana zake, ndiyo, na hakuna kampuni ya kumwambia afe katikati ya hadithi; hilo Kelly hakulipata. Lakini soko bado si lake. Tangu mwaka 2015 filamu hiyo inatazamwa bure YouTube, na waliomiminika kuitazama wengi wako Ulaya na Marekani. Wanacheka. Baadhi wanacheka pamoja na Emmie. Wengine wanacheka helikopta ya kompyuta na nyumba za bati, na ngumi ya Bukenya kwao ni kichekesho juu ya kichekesho. Yeye aliyetumia miaka kujifunza ufundi ule hawezi kuchagua kicheko kipi kimlipe.

Na lile jina la kukopa linauma. Kwa nini bingwa wa Kampala ajiite Bruce? Kwa sababu mtazamaji wa Kampala, sawa na wa Masanze, alifundishwa kumtambua shujaa kwa jina hilo, na mwenye mali ndogo hawezi kuanza kwa kulifuta jina lililokwisha kuuzwa. Hatumlaumu. Tunasema tu kwamba kamera ilikwisha kuwa yao wakati majina bado ya wengine.

Jaribio lenyewe halikusimama hapo. Bukenya amewafundisha watoto wa mtaa ule kung fu, na watoto hao wakaanza kuonekana katika filamu zilizofuata. Katika "Bad Black" ya mwaka 2016 yumo daktari wa Kimarekani aliyeibiwa mali zake mtaani, anayetaka kuzirudisha wala hajui kupigana. Anayemfundisha ni mtoto wa mtaa, na mtoto huyo, kwenye filamu, anaitwa Wesley Snipes. Anamwamuru daktari, anamkimbiza, anampiga pale anapozembea, na Mmarekani mzima, mwenye elimu yake na mwili wake mkubwa, anatii.