Kabla ya Cabernet Kulikuwa na Strungi

Geuza chupa ya mvinyo mwekundu wa California usome lebo ya nyuma. Utaambiwa humo ndani kuna beri za mwituni, blakikaranti, mwerezi, vanila na kaharufu ka sanduku la sigara. Sawa. Lakini msee aliyekulia Keroka au Nyansiongo, aliyeshiba mapera, maparachichi na miwa, hiyo blakikaranti ataitoa wapi? Wengi wetu tuliijua kwanza kama Ribena, juisi ya pakiti, na mpaka leo hatujaliona tunda lenyewe likining'inia mtini. Kwa hivyo tunafanya kile wageni hufanya kwa sherehe ya watu: tunazungusha glasi, tunanusa, tunatikisa kichwa. "Iko smooth." Hapo mazungumzo yameisha.

Hiyo "smooth" ndiyo ninayoishtaki. Inasemwa juu ya waini tamu ya Afrika Kusini ambayo imejaa kwenye rafu za Kisii mjini, inasemwa juu ya Cabernet ya Napa inayogharimu mara kumi zaidi, na zote mbili zinabaki hazijaelezwa. Ubishi wangu ni kwamba watu wa Kisii na Nyamira tayari wanajua kuonja, tena kwa kiwango kinacholipa karo za shule, na wanaweza kuusoma mvinyo wa California kwa maneno yao bila kuazima friji ya mtu mwingine.

Anza na chai. Nyamira ni kaunti ya majani chai: Kebirigo, Nyansiongo, Sanganyi, Tombe, Gianchore. Upande wa Kisii kuna Nyamache, Ogembo, Kiamokama. Chai ikitoka kiwandani huteremka hadi Mombasa, kwenye mnada ulioanzia Nairobi mwaka 1956 na kuhamia pwani 1969. Kabla ya mnada, waonjaji hupita mbele ya safu ndefu ya vikombe vyeupe. Mtu anachota kwa kijiko, anavuta kwa kelele ambayo nyumbani ingekuletea kofi, anasukutua, anatema. Hasemi "ni tamu". Anasema kama chai ina uhai au imelala, kama rangi yake ni ya shaba, kama ina uzito mdomoni, kama inakaza ulimi. Maneno yake yanaingia kwenye bei, bei inaingia kwenye bonasi, na bonasi inajulikana hadi kwa mama anayechuma majani akiwa na kikapu mgongoni. Kwa miaka mingi viwanda vya magharibi mwa Bonde la Ufa, vya kwetu pamoja na vya Kericho na Bomet, vimekuwa vikipata bei ya chini kuliko vya kule Murang'a, Kirinyaga na Meru, na kila msimu wa bonasi ni kelele. Sababu za pengo hilo ni nyingi na zina siasa zake. Lakini mtu wa Nyamira asiambiwe kuonja ni starehe ya watu wa Karen. Ulimi wa mtu wa Mombasa umekuwa ukimpangia bajeti tangu azaliwe.

Sasa hicho kinachokaza ulimi kwenye strungi iliyokaa sana kwa birika, mpaka unahisi meno yamevaa sweta, ni jamii moja na kile kinachokaza ulimi kwenye mvinyo mwekundu. Tunakiita tanini. Kwa chai kinatoka kwenye jani, kwa mvinyo kinatoka kwenye ganda na mbegu za zabibu, na kingine kwenye pipa la mwaloni. Tunajua pia dawa yake: maziwa. Protini ya maziwa inashikana na ile tanini, makali yanapungua, chai inakuwa ya wageni. Cabernet Sauvignon ya Napa ni strungi ya zabibu. Ukiinywa peke yake saa tisa mchana itakukaripia. Iweke kando ya mbuzi wa kuchoma mwenye mafuta na hiyo protini na mafuta yatafanya kazi ya maziwa. Hili halihitaji kozi. Nyanya yako anayeweka maziwa kidogo, anaonja, anaongeza, amelijua miaka yote.

Mbinu ya kupanga maneno, hata hivyo, tuichukue California kwa heshima zote. Mwaka 1984 Ann Noble, mwanakemia wa hisi katika Chuo Kikuu cha California, Davis, alitoa gurudumu la harufu za mvinyo. Ni duara lenye maneno mapana katikati na maneno mahususi ukingoni: katikati "matunda", ukisogea nje "jamii ya machungwa", nje kabisa "ndimu" au "balungi". Aliyafukuza maneno ya kifahari yasiyopimika, kwa hivyo huwezi kuandika "maridadi". Unaweza kuandika "mbwa aliyelowa", hiyo imo, kabisa. Na hakuwaacha watu wabahatishe. Alichukua kitu halisi, pilipili hoho, karafuu, maji ya asparaga ya mkebe, akakitia kwenye mvinyo usio na harufu kali, mwanafunzi akanusa akakariri.

Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo ambayo wapenzi wengi wa mvinyo hapa kwetu wameiruka. Gurudumu lilijengwa kwa vitu vya duka na jikoni la Davis. Sisi tulipokea maneno, jikoni likabaki huko. Sasa nenda soko la Daraja Mbili ununue pera lililoiva hadi linanukia, pasheni, ndizi mbivu, karafuu, unga wa wimbi ukaukaange kidogo. Kila kimoja kikombe chake, juu yake mvinyo mweupe wa bei nafuu, funika kwa kisahani dakika kumi. Nusa. Tayari una gurudumu, na hakuna atakayekuuliza cassis.

Ukifika kwa mvinyo mweupe ndipo mambo yanapendeza kweli. Sauvignon Blanc iliyotengenezwa vizuri inanukia pasheni na pera, na hapo hatufananishi kwa mbali: baadhi ya misombo ya salfa inayotoa harufu hiyo ndani ya glasi ndiyo hiyo hiyo iliyo ndani ya tunda. Mtu wa Nyamira ataitambua kabla ya profesa aliyekulia kwa tufaha. Ndio mvinyo wa kula na chinsaga. Mboga ile ina uchungu wake hata baada ya kulala kwenye maziwa usiku mzima, na ukiipa mvinyo mwekundu wenye tanini, uchungu unajumlishwa na ukali na mdomo unafungwa kama duka siku ya maandamano. Sauvignon Blanc ina asidi safi, inapita katikati ya obokima na mboga kama ndimu. Kumbuka pia kwamba mvinyo huu California haukuuzika sana mpaka Robert Mondavi alipoubatiza Fumé Blanc mwishoni mwa miaka ya 1960. Zabibu ilikuwa ile ile. Jina jipya ndilo lililoutoa ghalani.

Chardonnay ya California, ile ya mtindo wa zamani yenye rangi ya dhahabu na harufu ya siagi, hiyo siagi haikutiwa na mtu. Bakteria wa asidi ya maziwa wamegeuza asidi kali ya zabibu kuwa asidi laini, na njiani wakaacha harufu. Wa jamii hiyo hiyo ndio wanaofanya kazi ndani ya kibuyu cha amabere amaruranu, maziwa mgando ya kwetu. Mimi binafsi naona nyingi ya Chardonnay hizi zimezidishiwa mwaloni, vanila mpaka unadhani ni keki. Lakini ikipatikana iliyotulia, na kuku kienyeji wa mchuzi, jioni ya mvua, mji ukiwa karibu mita 1,700 juu ya bahari na baridi inaingia mlangoni, ni kitu. Zinfandel nitaipita haraka: nyekundu, ina matunda mengi, pilipili manga kidogo, pombe inaweza kupita asilimia 15. Mtu anayetoka kwenye waini tamu aanzie hapo, asirukie Cabernet.

Najua kuna msomaji wa Nyanchwa ambaye amekunja uso tangu aya ya kwanza. Kisii na Nyamira ni nchi ya Waadventista wa Sabato, na katika nyumba nyingi divai ni juisi ya zabibu isiyochachuka, inayonywewa kanisani kwa kikombe kidogo. (Lugha yetu imejipanga: divai ni ya Biblia, mvinyo ni wa menyu, waini ni ya mtaa.) Basi sikia hili. Ellen White, mmoja wa waasisi wa kanisa hilo, aliishi miaka yake ya mwisho, kuanzia 1900 hadi alipofariki 1915, katika nyumba iitwayo Elmshaven, St. Helena, ndani kabisa ya Bonde la Napa. Kampuni ya Beringer ilikuwa ikitengeneza mvinyo katika mji huo huo tangu 1876. Alipokuwa akiandika huko dhidi ya kileo, wamisionari wa kanisa lake walifika Gendia, kando ya Ziwa Victoria, mwaka 1906, na miaka michache baadaye wakapanda milima hadi Kisii. Kwa hiyo Napa ilitufikia zamani. Ilikuja kama onyo. Na onyo lenyewe liligusa hata chai, kwa sababu aliikataza chai pamoja na kahawa, lakini angalia vilima vya Nyamira vilivyo vya kijani Sabato mpaka Sabato. Watu walisikiliza, wakachagua, wakapanda. Siwacheki. Mtu anaweza kuonja chai kitaalamu maisha yake yote na asiguse tone la kileo, na hata mwonjaji wa mvinyo hutema.

Kinachoniuma kiko mahali pengine. Marekani yenyewe ilipiga marufuku kileo kuanzia Januari 1920 hadi Desemba 1933. Mashamba mengi ya California yalikufa, na machache kama Beaulieu yakaponea kwa kuuza divai ya misa. Miaka 42 baada ya marufuku kuondolewa, Mei 1976, waonjaji wa Kifaransa jijini Paris walifunikiwa chupa na wakajikuta wameiweka California juu: Chardonnay ya Chateau Montelena na Cabernet ya Stag's Leap, zote za 1973. Kinywaji kilichokuwa kosa la jinai kikawa urithi wa taifa. Katikati ya hapo kulikuwa na vyuo, daftari, maneno na watu walioonja kwa makini.

Sisi tuna amarwa. Wazee waliinywa moto, wamezunguka chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake mrefu, na mazungumzo ya mahari na ya mashamba yalipita juu ya chungu hicho. Ukoloni ukaileta kwenye leseni na faini, serikali huru ikaendeleza. Sheria ya mwaka 2010 ilisema hata chang'aa inaweza kuwa halali ikifungwa kwenye chupa ya glasi na mwenye kiwanda chenye leseni, sharti ambalo mama mpishi wa kijijini hakuwa na namna ya kulitimiza. Kwa hivyo msako unaendelea, mitungi inamwagwa, na jina lililobaki kwenye habari ni moja tu, pombe haramu, liwe la sumu ya methanoli inayopofusha watu au la chungu safi cha wimbi. Mwandishi wa mvinyo wa Nairobi atakupa aya tatu juu ya mwaloni wa Kifaransa. Juu ya kimea cha wimbi hajawahi kuandika sentensi. Mimi nimejaribu, kwa njia ya gurudumu, bila neno "smooth":

Amarwa. Unga wa mahindi uliochachuka na kukaangwa, kimea cha wimbi. Rangi ya udongo wa barabara baada ya mvua, haipitishi mwanga. Puani: ganda la mkate, moshi wa kuni, ndizi iliyoiva kupita kiasi, kwa mbali maziwa mgando. Mdomoni ni nzito na yenye chengachenga, asidi inakuja mapema, uchungu mdogo nyuma ya ulimi. Kileo chepesi. Inywewe moto, siku hiyo hiyo. Kesho itakuwa siki.