Anayekamilisha neno naye apimwe

MAJUZI nikiwa Malaba, mama mmoja mfanyabiashara alinionyesha simu yake huku akicheka kwa uchungu. Alitaka kumwandikia dereva wa pikapu, “Nakungoja Malaba.” Alipofika “Mala”, simu ikammalizia: “Malawi.” Akatuma bila kutazama. Dereva akadhani ujumbe si wake, akashika njia ya Busia. Nyanya zikashinda juani.

Waandishi wa programu wanalijua tatizo hili. Lugha ya Python, iliyotolewa na Guido van Rossum mwaka wa 1991, ina dirisha ambamo mtu huandika amri na kujibiwa papo hapo. Ukiandika “pr” na kubonyeza kitufe cha Tab, utapendekezewa “print” na “property”. Anayeunda kikamilishi kama hicho hakiamini hivi hivi tu. Hukiandikia majaribio mafupi: kianzio hiki kikiingia, majina haya yatoke, yale yasitoke. Mimi huyaita majaribio ya kipande. “Kitengo” tuwaachie wenye ofisi.

Je, Kiswahili nacho tutakipimaje? Majina ya Python yanaorodheshwa. Maumbo ya kitenzi chetu nayo ni bahari: wamevuka, tutawavusha, waliovukia. Mwanzo wa neno hukwambia nani na lini, bali kitendo chenyewe kinakuja baadaye. Kwa hivyo orodha ya maneno haitoshi, sharti sarufi iingie. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, alianza kazi ya kuchanganua maumbo hayo kwa kompyuta tangu miaka ya 1980.

Jaribio zuri basi lingesema hivi: mtu akiandika “hawajavu”, “hawajavuka” litokee. Akiandika “hawame”, mashine isithubutu kuleta “hawamevuka”, kwa sababu -me- ikikanushwa huwa -ja-.

Hadi hapo ni rahisi. Lakini nani anayeandika matarajio hayo? Busia, wanakokutana Wasamia, Wateso, Waganda na wengineo, utasikia mtu akisema “mizigo zimevuka”. Darasani ningepiga mstari mwekundu, niandike “imevuka”. Simu, hata hivyo, si mwalimu. Acha ipendekeze usanifu, lakini isifute kimyakimya alichokiandika mwenyewe. Hilo nalo liwe jaribio.

Tukumbuke pia kwamba “bodaboda”, neno linalosemekana lilizaliwa papa hapa kwa waendesha baiskeli waliovusha watu mpakani, halikutoka kwenye kamusi. Lilitoka barabarani, kamusi zikalifuata. Kikamilishi cha enzi hizo, kama kingekuwepo, kingelisahihisha hadi life.

Kasoro ninayoiona ni kuridhika upesi. Majaribio yote yakipita, tunashangilia kwamba mashine imekijua Kiswahili. La! Imekubaliana tu na aliyeyaandika. Kama hakuwahi kusikia jina la Malaba, atapita mtihani wake mwenyewe na nyanya za watu zitaoza.

Wanafunzi wetu wa isimu wana kazi hapa. Waende sokoni Busia na kwenye foleni ya malori Malaba, wasikilize, waombe ruhusa, waandike. Kila sentensi wakirudi nayo iwe jaribio. La kwanza nawapa bure: “Mala” ikamilike Malaba.