Taima inajua saa, haijui maji
Jirani yetu hapa Kihesa kafunga taima kwenye pampu ya bwawa lake la kuogelea, pamoja na kifaa cha kudondosha klorini. Anasema bwawa sasa "linajiendesha". Bado! Taima inajua saa, haijui maji. Nguvu ya klorini inategemea pH: kwenye 7.5, karibu nusu yake ndiyo iko katika umbo kali la kuua vijidudu. pH ikifika 8, inabaki kama robo tu. Klorini ni ileile, ulinzi umeshuka, na maji bado yanang'aa. Taima ibaki, inaokoa kazi. Ila kabla watoto hawajaruka ndani, chovya karatasi ya kupimia: pH iwe kati ya 7.2 na 7.8.