Majaliwa na Wenzake wa Masasi

Lupaso, kijiji cha Masasi, inajulikana kwa Rais Benjamin Mkapa, aliyezaliwa huko 1938 na kuzikwa huko 2020. Leo nawapongeza wengine wa Masasi hiyohiyo: makasisi wa Kianglikana.

Kazi yao ilianza 1876, Askofu Edward Steere alipofika kutoka Unguja na watu walioachiliwa kutoka utumwani. Walikuwa wakirejea pande za Ziwa Nyasa. Masasi ikawapendeza, wakajenga. Mwaka 1882 Wamagwangwara, yaani Wangoni, wakaishambulia misheni na kuichoma. Ikainuka tena.

Anayenigusa kuliko wote ni Cecil Majaliwa. Huyu alionja utumwa utotoni, kisha 1890 akawa Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo, UMCA (Universities' Mission to Central Africa), kupewa ukasisi. Akawachunga Wayao wa Chitangali kwa miaka, akiwa mbali na wakubwa wake wa Kizungu, na kanisa likakua mikononi mwake. Sifa zake bado hazijatosha.

Dayosisi ya Masasi iliundwa 1926, na askofu wake Vincent Lucas hakulifukuza jando. Aliliingiza kanisani: vijana wakaendelea kwenda porini kufundwa na wazee, kasisi akiwa pamoja nao kwa sala.