Wino wa Daftari

Kikundi kilipoleta daftari la mahudhurio, shangazi yangu hakuanza na majina. Alilisogeza dirishani, akafunua kurasa tatu nne, akatazama wino. Daftari la kweli lina kalamu nyingi: buluu ya mwezi huu, nyeusi ya mwezi ujao, kijani ya siku ambayo katibu alisahau kalamu nyumbani akaazima ya muuza duka. Lina doa la chai na ukurasa uliolowa mvua. Daftari lililoandikwa usiku mmoja kwa ajili ya kuombea mkopo lina wino mmoja na mwandiko mmoja, na ndani yake hakuna mtu aliyewahi kuumwa wala kufiwa. "Watu kumi, miezi sita, hakuna hata mmoja aliyeuguliwa na mtoto?" alikuwa akiuliza kwa upole kabisa. Kisha ananyamaza, anasubiri.

Alikuwa afisa maendeleo ya jamii Dar es Salaam kwa zaidi ya miaka thelathini. Alisomea Tengeru, kule Arusha, akaja mjini akiwa bado binti, na wazee wa mtaa wakamwita Bibi Maendeleo siku hiyo hiyo, maana cheo hicho kilikuwepo midomoni mwa watu kabla yeye hajazaliwa. Nimekaa naye sana, nikiwa mtoto na hata baada ya kuanza kazi zangu, na kila nikisoma habari za mabilioni ya halmashauri namkumbuka yeye na lile daftari.

Fedha zenyewe zina historia yake. Kwa miaka mingi halmashauri zilielekezwa kutenga asilimia 5 ya mapato ya ndani kwa wanawake na asilimia 5 kwa vijana, lakini yalikuwa maelekezo, na aliyetaka kuyasahau aliyasahau. Mwaka 2018 yakaingia kwenye Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa: asilimia 4 wanawake, asilimia 4 vijana, asilimia 2 watu wenye ulemavu, mkopo usio na riba. Shangazi alikuwa na namna yake ya kueleza jambo hili kwenye mkutano wa mtaa. Hakutaja kifungu. Aliuliza, "Nani hapa amelipa ushuru wa soko wiki hii?" Mikono ikanyanyuka: wa mchicha, wa dagaa, wa mitumba. "Basi hela tunayozungumzia ni hiyo. Mmeitoa nyinyi, inarudi kwenu, na ikipotea mtakuwa mmejiibia."

Sijawahi kusikia somo la fedha za umma lililonyooka kuliko hilo.

Lakini mkutano kwake ulikuwa kazi nyepesi. Uzito ulikuwa baada ya hapo, pale maombi yanapofika mezani: katiba ya kikundi, muhtasari wa kikao, andiko la mradi, barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Karatasi zote zinaweza kuwa safi na kikundi kisiwepo. Ndiyo maana aliwaita wanakikundi mmoja mmoja, akawauliza maswali ambayo hakuna anayeyakariri. Mkigombana, nani anabaki na ufunguo wa sanduku? Mweka hazina wenu anaishi nyumba gani? Nani alikuwa wa mwisho kujiunga, na aliletwa na nani? Kwa wanaosema watapika chakula aliuliza bei ya gunia la mkaa na siku ngapi linakaa. Mama lishe wa kweli hujibu kabla swali halijaisha, tena analalamika. Asiye wa kweli humtazama mwenzake.

Kipimo alichokiamini kuliko vyote ni upatu. Wanawake waliowahi kucheza upatu pamoja, au kukaa kikoba kimoja mwaka mzima, wameshaonana siku mmoja wao alipokosa hela. Wanajua nani huja mwenyewe kueleza na nani huzima simu. Kikundi cha namna hiyo kikija hata na andiko la mradi bovu, shangazi alikaa nacho jioni mbili wakaliandika upya. Kikundi kilichokutana kwa sababu ya tangazo la mkopo alikiambia kirudi baada ya miezi mitatu, kiweke akiba kwanza, hata elfu moja moja kwa wiki. Wengi hawakurudi. Waliorudi aliwapokea kama ndugu waliotoka safari.

Katika ujana wake aliwahi kwenda Hanna Nassif, Kinondoni, kuona wakazi wakijenga mifereji ya mvua wenyewe kwa mikataba ya kijamii. Mradi ule wa miaka ya 1990 ulisaidiwa na Shirika la Kazi Duniani na wengine, na mtaa uliokuwa ukizama kila masika ukapata njia ya maji. Yeye hakuzungumzia saruji. Alichobaki nacho ni kwamba aliyechimba mfereji kwa jembe lake ndiye aliyemkemea jirani akitupa taka mle. Nadhani huko ndiko alikojifunza kutafuta, katika kila mradi, mtu atakayekemea.

Ukaguzi wa biashara aliufanya alfajiri. Saa nne asubuhi kila mtu yuko tayari kukaguliwa. Meza imepangwa na aproni imefuliwa. Saa kumi na moja alfajiri unakuta kama unga umekandwa au haujakandwa. Niliwahi kumfuata siku moja Buguruni, giza halijaondoka, tukatembea kwenye uchochoro wa matope hadi kwa kina mama watano wa chapati. Hakuuliza lolote. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akahesabu wanaokuja kununua mpaka jua likachomoza, kisha akawaambia, "Mlichoomba ni kikubwa mno. Hapa panabeba nusu." Walinuna. Walichukua nusu, wakamaliza marejesho, wakakopa tena.

Kusema hapana namna ile, bila kumvunja mtu na bila kumwogopa aliyetumwa na mkubwa, sioni kama kunafundishika darasani. Simu zilikuwa zikiita. Alisikiliza, akajibu "Nimekuelewa, mheshimiwa," akaendelea kuandika alichokiona kwa macho yake. Muhuri wake aliutunza kwenye mkoba, hakuwahi kuuacha mezani.

Aprili 2023 serikali iliisitisha mikopo hii, baada ya ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kuonyesha marejesho yasiyorudi na vikundi hewa. Iliporejeshwa 2024, halmashauri kumi zilipangwa kuijaribu kupitia benki, zilizobaki zikaendelea kwa utaratibu uliorekebishwa. Shangazi hakukasirika. Alisema mfumo wa kompyuta utamkamata mtu aliyejiandikisha vikundi viwili, na hilo ni jema, yeye kwa daftari asingeweza. Aliongeza kwamba mfumo hauna pua. Mimi nasema zaidi yake: afisa mmoja kwa kata nzima ya jiji, anayepanda daladala kwa nauli yake kwenda kukagua, anaombwa kufanya kwa miguu kazi ambayo imetengewa fedha nyingi kuliko mshahara wake wa maisha. Tukitaka marejesho, tumpe kwanza nauli.

Kuna asilimia 2 ambayo haikumpa usingizi. Wanawake huja mkutanoni, vijana huja wakisukumwa, lakini watu wenye ulemavu hawafiki, kwa kuwa ngazi za ofisi ya kata haziwapokei na nyumba nyingine bado huwaficha. Fedha yao ingeweza kukaa mwaka mzima ikisubiri kikundi. Akawa anaenda kwa wajumbe wa mashina, anauliza taratibu: kuna mtu ndani ambaye simwoni? Akawauliza wauza maji, maana wao huingia uani. Ndivyo alivyompata fundi viatu mmoja, kijana aliyepooza miguu tangu utotoni, akishona nyuma ya choo cha nyumba ya kaka yake ambapo hakuna mteja angepita. Marekebisho ya mwaka 2021 ya kanuni za mikopo hii yalipomruhusu mtu mwenye ulemavu kukopa akiwa peke yake, jina la kijana huyo lilikuwa tayari kwenye daftari la shangazi, na kando yake ameandika: cherehani ya ngozi, kibanda cha barabarani, kizingiti kisizidi kiganja.

Amestaafu sasa. Mwezi uliopita nilimsindikiza kupeleka kandambili zake za ngozi kibandani. Kijana alikataa kupokea hela. "Mama, wewe tena?"

"Pokea," shangazi alisema, akaweka noti kwenye meza. Alisubiri chenji, akaihesabu, akaiweka kwenye pochi. Kisha akaliomba daftari la mauzo la kijana, akaligeuza kidogo kuelekea kwenye mwanga.

Kulikuwa na kalamu tatu, na alama ya kidole chenye gundi.