Kitani cha Tarkhan na Merikani ya Tabora: Uhakiki wa Kigezo cha Masalia katika Historia ya Nguo

Historia ya nguo kwa kawaida huandikwa kwa kutegemea masalia yaliyohifadhiwa. Makala haya yanahoji kigezo hicho kwa kulinganisha kitani cha Misri ya kale na merikani, kitambaa cha pamba kutoka Marekani kilichopita Tabora katika misafara ya karne ya 19.

Gauni la Tarkhan, lililomo katika Makumbusho ya Petrie, London, lina umri wa zaidi ya miaka 5,000. Lilifukuliwa mwaka 1913 likiwa ndani ya rundo la vitambaa, wala halikutambuliwa hadi mwaka 1977, rundo hilo lilipopelekwa kwa wahifadhi kusafishwa. Mikunjo ya viwiko na makwapa ndiyo iliyodhihirisha kwamba lilivaliwa na mtu aliye hai. Thamani yake, basi, haitokani na ukale pekee, bali pia na alama za matumizi.

Merikani haikupata bahati hiyo. Kitani cha Misri kilisalia kwa kuwa kiliondolewa katika matumizi na kuzikwa katika ardhi kavu. Merikani ilitolewa kuwa hongo kwa watawala wa njiani na posho kwa wapagazi, kisha ikavaliwa hadi ikachakaa. Richard Burton, aliyefika Kazeh mwaka 1857, aliandika vipimo vyake: shuka ya mikono 4 na doti ya mikono 8. Mhakiki anayeishia katika vipimo hivyo huiona nguo kama fedha tu, akamsahau mvaaji. Tena husahau kwamba Burton huyohuyo alieleza ufumaji wa pamba wa Wanyamwezi wenyewe. Bara halikuwa mpokeaji tu.

Lugha imetunza sehemu ya kile ambacho ghala la makumbusho halikutunza. Anayenunua doti ya khanga Mtendeni leo hutamka kipimo cha misafara, ingawa sasa humaanisha jozi ya khanga. Hata hivyo, neno haliwezi kushika nafasi ya kitambaa: hutunza jina na kipimo, halitunzi mkunjo wa kiwiko cha mpagazi.

Kwa hiyo, ukosefu wa masalia usihesabiwe kuwa ukosefu wa historia. Aidha, makumbusho zetu zisikusanye nguo mpya na za fahari pekee. Kaniki iliyopauka na kutiwa viraka ina ushahidi ambao nguo isiyovaliwa haina.